Gesi Ina Harufu, Moshi Wake Hauna

Kwa mara ya tatu mwezi huu nimeambiwa: "Fundi, hapa hatujasikia harufu yoyote, kwa hiyo hita ya gesi ya kuogea haina shida." Aliyesema hivyo ni baba mmoja wa ghorofa ya tatu hapa Nairobi, na jioni iliyotangulia binti yake alikuwa ameanguka bafuni. Walidhani ni malaria. Mama naye kichwa kilikuwa kikimgonga tangu asubuhi, na wote wawili walipata nafuu mara tu walipotoka nje kwenda hospitali. Watu kuugua pamoja ndani na kupona pamoja nje, hiyo si malaria, ni sumu ya moshi wa hita.

Ile harufu ya kabichi iliyooza si ya gesi yenyewe. Gesi ya mtungi haina harufu. Hutiwa merkaptani, kemikali yenye harufu kali, makusudi ili ikivuja ujue. Ukishaiwasha, merkaptani nayo inaungua. Kinachopanda kutoka kwenye moto ni kitu kingine kabisa: mvuke, kaboni dioksidi na, hewa ikipungua, monoksidi ya kaboni, ambayo ndiyo sumu yenyewe. Hiyo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo, na hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Pua itakuambia mtungi unavuja. Kuhusu bomba la kutoa moshi wa hita nje haina la kukuambia, hata uwe na pua kali namna gani.

Kwa kuwa watu wanachanganya gesi na moshi wake, wanachanganya na matundu pia. Gesi ikivuja hulala sakafuni kwa sababu ni nzito kuliko hewa, ndiyo maana tunatoboa tundu chini ya ukuta. Moshi wa moto hupanda. Nimeonyeshwa tundu la chini mara nyingi kama ushahidi kwamba bomba la moshi halihitajiki! Tafadhalini.

Piga hesabu. Hita ndogo ya lita 6 kwa dakika, ikifunguliwa yote, hula karibu kilo 1 ya gesi kwa saa, na kilo hiyo inataka hewa ya mita za ujazo kama 12. Bafu la mita 1.5 kwa 2 lina hewa ya mita za ujazo 7 hivi. Oga dakika 20 mlango na dirisha vimefungwa, kama kila mtu anavyofanya Julai, na hita imekwisha tumia zaidi ya nusu ya hewa unayoivuta wewe. Huku juu Nairobi, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo hita iliyorekebishwa Mombasa ikija hapa inaungua kwa shida zaidi. Na mwali wa bluu si cheti. Wa njano ni onyo, lakini nimepima monoksidi juu ya mwali wa bluu safi.

Bomba lenyewe, kwa haraka: kipenyo kisiwe chini ya kile cha mdomo wa hita unaotoa moshi. Lipande wima angalau sentimita 60 kabla ya elbo (kona) ya kwanza, na elbo zisizidi mbili. Kila kiungo skrubu tatu na tepu ya foili. Bomba la PVC la maji taka hapana, hata kama fundi mwenzangu amekuambia limedumu kwa jirani: moshi huu unapita nyuzi 100, na PVC inaanza kulainika kwenye 80.

Linaloniumiza ni mlalo wa bomba, kwa sababu mafundi tunarithishana jibu moja kwa hita zote. Hita isiyo na feni inategemea moshi kupanda wenyewe, kwa hiyo kipande cha mlalo lazima kiinuke kuelekea nje, sentimita 2 kwa kila mita. Kikiinamia nje, moshi unasita, unapoa, unarudi. Hita yenye feni inasukuma moshi, na nyingi zake hutaka bomba liinamie nje kidogo ili maji ya mvua yasiingie ndani ya mashine. Kisha zipo zile zinazopooza moshi mpaka mvuke unageuka maji. Hizo bomba linainama kurudi kwenye hita, maji yatoke kwa mrija wake. Ninasoma kitabu cha hita kila mara, hata baada ya miaka yote hii.

Nikishamaliza ninafunga madirisha yote, ninawasha feni ya jikoni inayonyonya, ninaacha hita iwake dakika tano, kisha ninashika kijiti cha udi kwenye mdomo wa hita, pale bomba linapoanzia. Moshi wa udi ukivutwa ndani, vizuri. Ukinirudia usoni, feni ya jikoni inashinda bomba. Lakini nikiri: jaribio lililofaulu siku tulivu linaweza kushindwa upepo ukigeuka, hasa bomba linapotoka kwenye ile shafti ya ghorofa ambamo madirisha ya bafu za majirani wote hufunguka. Kazi ya shafti siku hizi ninaikataa. Na king'ora cha monoksidi ninakifunga chumba cha kulala, si bafuni kwenye mvuke.

Kwa yule baba nilipanda ngazi, nikasukuma kipande cha dari ya jipsamu. Bomba lilikuwa limeishia hapohapo, sentimita chache juu ya dari, mdomo wazi, mbao zimeloa na kupata weusi. Tuliing'oa hita tukaihamishia veranda ya kufulia, nje kabisa, mbali na madirisha. Binti alisimama mlangoni akiangalia. Nikampa kijiti cha udi akishike mwenyewe, na moshi wake ukapinda taratibu, ukaingia bombani.