Nani Anawasemea Wapalestina Wakati wa Vita?

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba watu wa Gaza waliichagua Hamas, kwa hiyo ni haki wabebeshwe matendo yake. Uchaguzi ulifanyika kweli tarehe 25 Januari 2006, lakini haukuwa wa Gaza peke yake: Ukingo wa Magharibi na Jerusalem Mashariki pia walipiga kura, na katika kura za orodha za kitaifa Hamas ilipata takriban asilimia 44, si wingi kamili. Viti vyake 74 kati ya 132 vilitokana zaidi na majimbo, ambako wingi wa wagombea wa Fatah, chama hasimu wake, na wa wanachama wa Fatah waliosimama kivyao uligawa kura, hata Hamas ikachukua viti 45 dhidi ya 17. Juni 2007 ikaitwaa Gaza kwa silaha, na tangu hapo Wapalestina hawajachagua bunge jingine. Maana yake ni kwamba aliyekuwa na umri wa chini ya miaka 35 vita vilipoanza Oktoba 2023 hakuwahi kumpigia mbunge kura, na karibu nusu ya wakazi wa Gaza ni watoto. Hata aliyeipigia Hamas kura hapotezi kinga ambayo sheria za vita humpa raia; kumwadhibu kwa kura yake ni dhuluma.

Wengine huamini kwamba Mamlaka ya Palestina iliyoko Ramallah ndiyo inayowakilisha Wapalestina wote. Mamlaka hiyo ilizaliwa na makubaliano ya Oslo ya mwaka 1993, ambayo yalitiwa saini na Chama cha Ukombozi wa Palestina, PLO, na ni PLO ambayo viongozi wa Kiarabu waliitambua huko Rabat mwaka 1974 kuwa mwakilishi pekee halali. Wakimbizi walioko Lebanon, Syria na Jordan hawapigi kura katika chaguzi za Mamlaka, na Hamas haimo katika PLO. Mahmoud Abbas, kiongozi wa Fatah, alichaguliwa kuwa rais wa Mamlaka Januari 2005 kwa muhula wa miaka minne. Uchaguzi wa bunge uliopangwa kufanyika Mei 2021 aliuahirisha, akisema Israeli haijaruhusu upigaji kura Jerusalem Mashariki, ingawa wakati huo Fatah yenyewe ilikuwa imegawanyika katika orodha zinazoshindana.

Kutokana na hayo, wapo wanaodai kwamba watu wasio na viongozi waliochaguliwa karibuni hawana haki ya kudai dola. Haki ya kujiamulia mambo ni ya watu wenyewe, wala haikomi muhula wa rais unapokwisha. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliithibitisha kwa Wapalestina katika maoni yake ya Julai 2024.