Usizime Maiki Kabla Hujaripoti: Ufafanuzi Kuhusu Udhalilishaji wa Wanawake Kwenye Gemu

Miezi ya karibuni kitengo chetu cha malalamiko ya wachezaji kimepokea malalamiko mengi kuliko kawaida kutoka kwa wachezaji wa kike wanaotukanwa, kutishwa au kutolewa kwenye mechi za mtandaoni baada tu ya sauti zao kusikika. Sehemu kubwa tumeshindwa kuyafanyia kazi, na si kwamba hatukuwaamini walioyaleta. Yamefika bila ushahidi, au yamefika siku tatu baada ya ushahidi kufutika.

Nianze na rekodi moja niliyoisikiliza kwa idhini ya mwenyewe. Msichana amecheza kimya karibu mechi nzima na ndiye anayeongoza kikosi kwa alama. Anafungua maiki na kusema maneno matatu: "Wawili wanakuja kushoto." Hakuna anayeangalia kushoto. Mmoja anaangua kicheko. Wa pili anamwambia amrudishie kaka yake padi ya kuchezea gemu. Wa tatu anaeleza atakachomfanya siku akimpata, kwa maneno nisiyoweza kuyaandika hapa. Wa nne ananyamaza. Maiki inazimwa, haifunguliwi tena mpaka mechi inaisha.

Wapo wanaotuandikia kwamba huo ni utani wa gemu, kila mtu hutukanwa. Mchezaji akikosea hutaniwa, hilo halina ubishi. Huyu hakukosea, alitoa taarifa sahihi na wenzake wakapigwa kwa kutoisikiliza. Kumcheka mtu kwa namna alivyocheza ni utani. Kumtishia kwa kuwa ni mwanamke ni udhalilishaji wa kijinsia. Tumeshalieleza hili mara nyingi mno, na inasikitisha kwamba bado tunaulizwa.

Dhana nyingine ni kwamba wanawake wamevamia starehe isiyo yao. Nchini Marekani, tafiti za chama cha kampuni za gemu zimeonyesha kwa miaka mingi kuwa karibu nusu ya wachezaji ni wanawake. Carol Shaw alitengeneza gemu ya River Raid, iliyotoka 1982. Dona Bailey alikuwa mmoja wa waundaji wa Centipede ya kampuni ya Atari. Roberta Williams ndiye aliyebuni King's Quest ya 1984. Wengi wanaowaambia dada zao warudi jikoni hawakuwa wamezaliwa. Na anayeingia akacheza vizuri hana nafuu: mwaka 2016 Geguri, mchezaji wa Overwatch, gemu ya kupigana kwa risasi, kutoka Korea Kusini, alituhumiwa kudanganya kwa programu inayomlengea shabaha kwa sababu ya ustadi wake. Ikabidi acheze mbele ya kamera, mikono yake ikionekana, ndipo watu wakakubali. Miaka miwili baadaye akawa mwanamke wa kwanza kusajiliwa kwenye Overwatch League, ligi ya kulipwa ya gemu hiyo.

Sasa utaratibu, na hapa naomba msomaji asiruke mstari. Ripoti kwanza, mzuie mhusika (block) baadaye, kisha ndiyo utoke kwenye mechi. Wengi hufanya kinyume: wanazima maiki, wanatoka, wanamzuia, halafu usiku wanaanza kutafuta mahali pa kuripoti wakati orodha ya wachezaji wa mechi ile imeshapotea. Chukua mfano wa Xbox, mashine ya gemu ya Microsoft. Tangu 2023 mchezaji katika baadhi ya nchi anaweza kuhifadhi kipande cha sekunde 60 cha mazungumzo ili akiambatishe kwenye ripoti. Kipande hicho hukaa kwenye mashine yake kwa saa 24 tu za kuwa mtandaoni, na ukihifadhi kingine, cha kwanza hufutwa. Wala hakimfikii msimamizi yeyote mpaka wewe mwenyewe utume ripoti. Anayesubiri mwisho wa juma anaweza kubaki na hasira bila ushahidi.

Kwa matusi ya kuandikwa, piga picha ya skrini yenye jina, maneno na saa, na usiikate kingo. Andika jina la mtumiaji herufi kwa herufi pamoja na tarakimu zake. Chagua kosa linalostahili: tishio la kubaka au kuua si "lugha chafu", liweke kwenye vitisho, maana ukiliweka kwingine huenda likapimwa kama tusi la kawaida. Usijibu kwa matusi, kwa sababu msimamizi husikiliza kipande chote na nyote wawili mnaweza kuadhibiwa. Mtu akitaja mtaa unaoishi, shule au kazini kwako, polisi kwanza, gemu baadaye.

Adhabu zenyewe si kama zinavyosimuliwa. Kwenye Xbox, tangu Agosti 2023, lugha chafu ni alama 1 ya adhabu, unyanyasaji ni 2, kauli za chuki ni 3. Alama 2 humfungia mtu siku moja, 4 humfungia siku saba, na akifikisha 8 anakaa mwaka mzima bila kutuma ujumbe, kuzungumza wala kucheza na wenzake mtandaoni. Kila alama hudumu miezi sita. Gemu alizonunua hazipotei, kwa hiyo hoja kwamba ukiripoti unamdhulumu mtu fedha zake tunaomba isirudiwe.

Wanawake wanaounda gemu hawahusiki na kitufe cha kuripoti. Malalamiko yao ni ya ajira, na mahali pake ni vyombo vya kazi na mahakama, penye maandishi, tarehe na mashahidi. Njia ni ndefu lakini ipo: Desemba 2021 kampuni ya gemu ya Riot Games ilikubali kulipa dola milioni 100 kumaliza kesi ya ubaguzi na unyanyasaji wa kijinsia, na milioni 80 kati ya hizo zilitengewa wanawake waliofanya kazi kwake California tangu Novemba 2014.

Namrudia yule mchezaji wa nne, aliyenyamaza. Alisikia kila neno, na kitufe cha kuripoti alikuwa nacho kama wenzake. Ripoti ya shahidi hupokelewa sawa na ya aliyetukanwa, hailazimu mwathirika aijue, na aliyeripotiwa haambiwi imetoka kwa nani. Kipande cha sekunde 60 kingeweza kutoka kwenye mashine yake.