Tagi si urembo: tunayoambiana ofisini kuhusu HTML, XML na nyaraka zetu

Tatizo la kwanza ni jina. Wengi wakitaka kuitaja HTML, inayotumika kuandikia kurasa za wavuti, na ndugu zake kama XML, ya kupangia nyaraka na data, kwa Kiswahili husema "lugha za alama", ilhali lugha ya alama ina wenyewe: ni ile ya mikono, ya viziwi. Mimi nasema tagi. Tagi ni kijineno kinachofungua na kufunga kipande cha maandishi ili kisemwe ni kitu gani: hiki ni kichwa, hiki ni kifungu, hii ni tarehe ya kuanza kutumika. Basi.

Niliwahi kufanya kazi kwenye ofisi moja ambayo mtandao wake wa ndani ulikuwa na waraka mmoja wa posho za safari katika mafaili sita. Kulikuwa na "Waraka posho MPYA", "Waraka posho MPYA sahihi", na mmoja ulioitwa "tumia huu", ambao ndio haukupaswa kutumiwa. Ilipopendekezwa kwamba nyaraka za namna hiyo ziandikwe kwa muundo wenye tagi, kikao kilichukua asubuhi nzima. Mengi yaliyosemwa siku ile nimeyasikia tena kwingine, karibu kwa maneno yale yale.

"Hayo ni mambo ya watu wa TEHAMA"

Hii ndiyo dhana iliyozaa nyingine zote, na historia inaikanusha. Mwaka 1969 Charles Goldfarb, mwanasheria aliyekuwa ameajiriwa na kampuni ya kompyuta ya IBM, alikabidhiwa tatizo la nyaraka za ofisi za mawakili. Programu moja ilihariri, nyingine ilitafuta, ya tatu ilichapa, na hakuna iliyoelewa faili la mwenzake. Yeye na wenzake wawili, Edward Mosher na Raymond Lorie, wakabuni mtindo wa tagi ulioitwa GML, herufi ambazo ni mianzo ya majina yao. Hapo ndipo ilipotoka SGML, iliyokuwa kiwango cha kimataifa, ISO 8879, mwaka 1986. Tim Berners-Lee aliiga mtindo wake alipounda HTML akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Geneva, na mwezi Februari 1998 ikatoka XML, ambayo ni SGML iliyopunguzwa uzito. Ukoo mzima unaanzia kwenye makaratasi ya wanasheria.

Na karani wa masjala anaijua kazi hii kuliko anavyodhani. Barua ikifika anaipa folio, anaiingiza kwenye jalada lake, anaandika Kumb. Na. Hajabadilisha neno hata moja ndani ya barua, lakini sasa inajulikana ni nini, inahusu nini na inafuata ipi. Tagi hufanya hayo hayo, ila zinaingia ndani ya barua, hadi aya kwa aya. Anayestahili kuamua tagi zipi zitumike ni yule anayejua tofauti ya kifungu, kifungu kidogo na jedwali. Fundi wa seva hajui, na si kosa lake.

"Zinapendezesha ukurasa"

Zilitumiwa hivyo, ni kweli. Miaka ya tisini vivinjari viliongeza tagi za kuchagua rangi na aina ya herufi, kurasa zikawa kama khanga iliyochapwa mara mbili. CSS ilikuja mwaka 1996 kubeba kazi ya mwonekano, na HTML 4.0 ya Desemba 1997 ikaishauri dunia iachane na tagi za urembo. Hadi leo wapo wanaokoleza sentensi wino na kuikuza, kisha wakasema wameweka kichwa. Kwa jicho ni kichwa. Kwa mtu asiyeona, anayetumia programu ya kusoma kwa sauti, si kitu, kwa sababu yeye hubonyeza herufi H kuruka kutoka kichwa hadi kichwa, na wino uliokolezwa hausimamishi safari yake. Waraka wa kurasa 40 itambidi ausikilize wote.

"Tunazo PDF, zinatosha"

PDF naiheshimu. Ukitaka karatasi ionekane Kigoma kama inavyoonekana Tanga, muhuri wake, saini yake na namba zake za kurasa, hakuna mshindani. Lakini moyo wa PDF ni maelekezo ya kuchora: herufi hii iwekwe hapa, ile pale. Neno "kifungu" humo ni michoro saba iliyopangwa mstari mmoja. Ndiyo maana ukinakili maandishi ya safu mbili, wakati mwingine mistari ya kushoto na kulia hufungamana kama ukili. Na ikiwa PDF yenyewe ni karatasi iliyopitishwa kwenye skana, hata herufi hazimo, kuna picha tu. Kuitafuta tarehe ndani yake ni sawa na kuitafuta kwenye picha ya harusi.

Haki ya PDF pia isemwe: inaweza kubeba tagi zake, na PDF yenye tagi nzuri husomeka vizuri kwa programu za sauti. Tatizo ni kwamba tagi hizo hutoka kwenye faili la mwanzo. Kama faili la mwanzo halina muundo, PDF itarithi umaskini ule ule.

Jaribu jambo moja. Fungua kwenye simu PDF ya kanuni za utumishi, utafute kinachosemwa kuhusu likizo ya uzazi. Utavuta kwa vidole viwili, utasogeza kulia, utarudi kushoto. Maandishi yale yale yakiwa ya HTML yangejipanga yenyewe kulingana na upana wa kioo, na ungeweza kumtumia mwenzako kiungo kinachofikia kifungu chenyewe badala ya kumwambia "angalia kama ukurasa wa 30 hivi".

"Ni mambo ya Ulaya na Marekani"

Hapa nina la kusema, kwa kuwa mfano bora ninaoujua wa nyaraka zenye tagi ulianzia huku kwetu. Mwaka 2004 na 2005, chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa wa kuimarisha mifumo ya habari ya mabunge ya Afrika, mradi uliokuwa na timu yake Nairobi, kilibuniwa kiwango cha XML kwa ajili ya miswada, sheria, hukumu na kumbukumbu za mijadala. Kiliitwa Akoma Ntoso, maneno ya Kiakan cha Afrika Magharibi yenye maana ya nyoyo zilizoungana. Wataalamu wakuu wa kukisanifu, Monica Palmirani na Fabio Vitali, walitoka Chuo Kikuu cha Bologna. Programu ya mabunge iliyoandamana nacho iliitwa Bungeni, Kiswahili kisichohitaji mkalimani. Mwaka 2018 shirika la viwango la OASIS lilikipitisha Akoma Ntoso kuwa kiwango rasmi. Leo Seneti ya Italia inatoa miswada yake kwa muundo huo, na tovuti rasmi ya sheria za Uingereza inakuruhusu kupakua sheria kwa Akoma Ntoso. Safari hii mzigo ulipandia Afrika na kushukia Ulaya.

Faida yake utaiona kwenye anwani. Ukifungua sheria katika TanzLII, tovuti ya sheria za Tanzania, au tovuti mpya ya Kenya Law, ya sheria za Kenya, tazama juu ya kivinjari: kuna akn, kifupi cha Akoma Ntoso, kisha tz au ke, kisha aina ya waraka, mwaka na namba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, Namba 6 ya mwaka 2004, inakaa kwenye akn/tz/act/2004/6. Baada ya hapo hufuata lugha na tarehe. Kwa hiyo sheria yenyewe ina anwani moja, na kila hali yake, kabla ya marekebisho na baada yake, ina anwani ndogo chini yake. Wakili anayebishania mkataba uliovunjwa miaka sita iliyopita anahitaji maneno yaliyokuwa na nguvu siku ile. Faili liitwalo "tumia huu" halitamsaidia.

Tangu mwaka 2021, Tanzania ilipobadili Sheria ya Tafsiri ya Sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria, jambo hili limepata uzito mwingine. Sheria moja itaishi kwa lugha mbili kwa muda mrefu. Vifungu vikiwa na tagi, kifungu cha 37 cha Kiingereza na cha 37 cha Kiswahili vinaweza kuwekwa bega kwa bega na mashine bila mtu kuvihesabu kwa kidole.

"XML ilishakufa"

Kilichokufa ni ndoto moja: kwamba kurasa zote za wavuti zingeandikwa kwa ukali wa XML. XHTML ilitoka mwaka 2000, na toleo lake la pili likaachwa mwaka 2009, kwani hakuna aliyetaka ukurasa mzima ukatae kufunguka kwa sababu ya tagi moja isiyofungwa. Wavuti ikabaki na HTML inayosamehe. XML ikahamia uvunguni: vitabu vya EPUB ni XML, michoro ya SVG ni XML.

Hata Word. Chukua faili la docx, tengeneza nakala, badili mwisho wa jina uwe zip, ulifungue. Ndani utakuta folda iitwayo word na humo faili document.xml, lenye maneno yako yote yakiwa yamezungukwa na tagi. Imekuwa hivyo tangu Word ya 2007.

"Basi, kama Word ni XML, tumeshamaliza"

Hapana, ila mmekaribia kuliko mnavyojua. Ukikoleza wino na kuongeza ukubwa hadi 14, tagi za Word zitasema hivyo tu: wino umekolezwa, ukubwa ni 14. Ukitumia mitindo iliyomo, Kichwa 1, Kichwa 2 na kadhalika, zitasema hiki ni kichwa cha ngazi ya kwanza. Faili la namna ya pili hugeuzwa kuwa HTML kwa programu katika dakika chache. Faili la kwanza litamkalisha mtu wiki nzima. Kwa ofisi isiyo na fedha za mfumo mpya, ningeanzia hapo, tena kwa zile nyaraka zinazorekebishwa kila mara: miongozo, kanuni, viwango vya posho. Kumbukumbu za kikao cha mwaka 1994 ziacheni zilale.

"Mashine ikikubali faili, faili ni sahihi"

Skima ni orodha ya masharti: kila sheria iwe na jina, kila kifungu kiwe na namba, tarehe iandikwe hivi. Faili lisilotimiza hurudishwa. Lakini skima haijui kwamba sheria ilianza kutumika Julai wakati mwandishi ameandika Juni. Inakagua umbo. Ukweli bado ni kazi ya mhariri aliyekaa na Gazeti la Serikali mezani.

"Kiswahili hakina herufi za ajabu, hakitusumbui"

Mwulize aliyeandika ng'ombe ndani ya atributi, yale maelezo ya ziada yanayowekwa ndani ya tagi, iliyofunguliwa kwa alama moja ya kunukuu. Ule mkato wa ng' huonekana kwa kivinjari kama mwisho wa maneno, na "ombe" hubaki nje. Word nayo huupinda mkato, mara unaelekea kushoto, mara kulia, na anayetafuta "ng'amua" haoni kitu kwa sababu mkato wake ni wa aina nyingine. Amueni mkato mmoja, muuandike kwenye mwongozo wa ofisi.

Kisha lugha itajwe. Ukurasa usio na lang="sw" programu ya sauti inaweza kuusoma kwa matamshi ya Kiingereza, na "wake" ikawa neno la kuamka.

Ninayoipenda kuliko zote ni saa. Tangazo la intraneti linasema kikao ni saa mbili asubuhi, na mgeni aliyeko Geneva au programu ya kalenda inasoma mbili ikaelewa usiku wa manane umepita kwa saa mbili. HTML ina tagi ya wakati. Unaacha maneno yako yasomeke "saa mbili asubuhi" kama tunavyosema, na ndani ya tagi, pasipoonekana, unaandika datetime="08:00".