Homa ya Januari huanzia sebuleni kwa bibi

Wazazi wanaokuja kliniki mwezi wa Desemba kuniuliza kuhusu safari ya sikukuu kijijini huuliza ya barabarani tu. Mtoto atatapika? Nimpe kitu alale? Ni maswali halali na nitayajibu. Lakini mimi ni daktari wa watoto hapa Arusha, na wanaoletwa kwangu Januari wakiwa hoi si wale waliotapika kwenye basi. Ni wale waliofika salama wakalala kwa bibi, wakarudi na malaria.

Tuimalize barabara kwanza. Kichefuchefu cha safari ni nadra kwa mtoto wa chini ya miaka 2. Humsumbua zaidi aliyefika umri wa shule ya msingi. Mpe chakula kidogo kikavu kabla ya kuondoka, kata tiketi ya viti vya mbele au katikati, mnyang'anye simu, mwonyeshe milima ya mbali dirishani. Piriton ya kumlaza achana nayo. Wapo watoto ambao badala ya kusinzia huchachamaa, na basi zima likakoma. Promethazine, dawa nyingine ya usingizi na kichefuchefu, ndiyo kabisa usimpe wa chini ya miaka 2, kwani inaweza kumdhoofishia upumuaji. Anayenyonya na hajatimiza miezi 6 hahitaji maji hata jua la Singida liwe kali vipi. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Uji wa kwenye chupa ya chai utie ukiwa moto sana, na ukishapoa ukawa vuguvugu umwage, maana hapo ndipo vijidudu huzaliana. Weka sabuni mfukoni kwa ajili ya pale basi linaposimama watu wachimbe dawa. Beba na pakiti za ORS, ule unga wa kurudisha maji mwilini akiharisha au kutapika, na kabla ya kukoroga soma inataka maji kiasi gani, kwa sababu zipo za lita 1 na zipo za nusu lita.

Sasa tuje kwenye kufika.

Arusha, Kilimanjaro na Manyara ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo sana nchini. Tabora, Mtwara na Kagera hali ni nyingine kabisa. Mtoto aliyezaliwa na kulelewa Njiro, hapa Arusha mjini, akipelekwa kijiji cha Tabora, mwili wake haujawahi kukutana na vimelea vya malaria. Bibi atakwambia, "Mbona ninyi mlikua hapa hapa bila neti?" Bibi hadanganyi, ila waliokua pale waliumwa na mbu tangu wachanga, na waliopona wakajenga kinga kidogo kidogo. Huyu wako hana hata chembe yake. Na wewe uliyehama miaka mingi, ya kwako imeshapungua.

Tatizo lenyewe mara nyingi ni malazi. Sikukuu nyumba imejaa, vitanda vyenye vyandarua wamepewa wakubwa, wajukuu wametandikiwa godoro sebuleni, sita kwa mpigo, vichwa huku na miguu kule. Mbu wa malaria huuma kuanzia jioni hadi karibu na alfajiri, na saa nane za usiku hakuna anayeamka kumfunika mtoto. Kwa hiyo beba chandarua chako chenye dawa, cha pembe nne na kipana, pamoja na kamba na misumari michache. Funga pembe mbili kwenye nondo za dirisha, moja kwenye msumari wa mlango, ya nne kwenye msumari utakaoomba ruhusa kuupigilia. Kisha chomeka pindo chini ya godoro pande zote. Likiachwa linaning'inia, mbu ataingia kwa chini. Kama utaona aibu kumfungia mwanao peke yake, wafungie wote. Bibi atafurahi.

Walioko Uingereza au Marekani wana nafasi nyingine: zipo dawa za kumeza za kuzuia malaria ambazo hata watoto wadogo hupewa kwa uzito wao. Daktari wa huko aulizwe wiki kadhaa kabla ya safari. Ninavyoona, wanaokuja kwa ndugu ndio huzipuuza kuliko watalii, ati "tunakwenda nyumbani".

Dalili za malaria kwa kawaida huanza wiki moja hadi mbili baada ya kuumwa na mbu, mara nyingine zaidi, ndiyo maana homa hupanda mkiwa mmesharudi na shule zinafunguliwa. Mama huniambia, "Dokta, ni mafua ya basi tu." Mtoto akipata homa ndani ya miezi miwili mitatu baada ya safari, mpeleke siku hiyo hiyo, na sentensi ya kwanza iwe mlikotoka, kwa sababu mhudumu wa Arusha anaweza asifikirie malaria haraka. Kipimo cha haraka cha malaria, mRDT, hutoa jibu ndani ya nusu saa. Akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, au akilegea asiamke vizuri, nenda hospitali hata iwe usiku wa manane.

Akiandikiwa dawa mseto ya malaria (ALu) ya kumeza nyumbani, mpe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta kidogo, ndipo mwili huifyonza vizuri. Dozi ya pili hufuata baada ya saa 8, zilizobaki asubuhi na jioni hadi siku 3 ziishe, hata kama homa imeshuka na anacheza. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi hiyo, kisha rudi dirisha la dawa uombe ya kufidia, maana pakiti ina dozi 6 kamili na haina ya akiba.