Kichujio cha kelele hakichuji kelele

"Kwenye programu ya simu nimeweka kuondoa kelele kwenye kiwango cha juu kabisa, sasa mbona wanasema sauti yangu inakatika?" Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Anayeuliza huwa ameshailaumu intaneti, ameilaumu maiki, na mara nyingine ameshanunua maiki mpya. Ukimwambia ashushe kiwango, anadhani unamfanyia mzaha. Ashushe vipi, na kelele ndiyo anayoikimbia?

Imani yenyewe iko hivi: kinachoingia kwenye maiki ni vitu viwili, maneno na kelele, kila kimoja kimekaa upande wake. Akili mnemba inavitambua, inatupa kimoja na kukiacha kingine salama salimini. Kwa hiyo ukiiongezea nguvu, itatupa zaidi.

Jamani, sivyo. Maiki moja hutoa wimbi moja. Kila sampuli, yaani kila kipimo cha wimbi hilo kwa nukta ya muda, ni namba moja tu, na namba hiyo ni jumla ya maneno, kelele na mwangwi wa chumba. Nikikwambia jumla ni 7, utanitajia zilizojumlishwa? Hutaweza, na modeli, yaani hiyo akili mnemba ndani ya kichujio, nayo haiwezi. Inachofanya ni kukisia, na inakisia vizuri kwa sababu imefunzwa kwa saa nyingi mno za sauti safi zilizochanganywa makusudi na kelele za kila aina.

Sauti hukatwa fremu ndogo ndogo, za milisekunde 20 hivi, zinazopandiana. Ubadilishaji wa Fourier, hesabu inayoichambua sauti kwa masafa yake (kutoka nzito hadi nyembamba), unaonyesha kila fremu ina nguvu kiasi gani kwenye kila masafa. Modeli inatazama picha hiyo na kutoa namba kati ya 0 na 1 kwa kila sehemu: panapofanana na maneno pasiguswe, panapofanana na kelele pashushwe. Halafu wimbi linaundwa upya. Chukua RNNoise, programu ya kuondoa kelele aliyoitoa Jean-Marc Valin mwaka 2017. Haishughuliki hata na kila masafa peke yake: inayakusanya kwenye bendi 22 zinazofuata namna sikio linavyosikia, kisha inaipa kila bendi kiwango chake kila milisekunde 10. Yaani ni mkono ulioshika vitufe 22 vya sauti, ukivipandisha na kuvishusha mara 100 kwa sekunde. Ndani ya bendi moja, neno na kelele hupanda pamoja na kushuka pamoja. (Ina pia kichujio kinachofuata toni ya msemaji, kinachosafisha kidogo nafasi zilizobaki. Modeli mpya zaidi zinarekebisha hadi fezi (wimbi limefika wapi kwenye mzunguko wake), na nyingine zinafanya kazi kwenye wimbi moja kwa moja. Tatizo ni lile lile.)

Sasa nije kwenye kinachoniudhi, nacho ni sauti ya s.

Irabu ni rahisi kuilinda. Ina toni, ina mistari yake iliyopangika kwenye spektrogramu (picha ya nguvu ya masafa kadiri muda unavyokwenda), na modeli yoyote iliyofunzwa vizuri huing'ang'ania hata katikati ya fujo. Lakini s haina toni. Ni mvumo wa hewa, nguvu yake kubwa iko juu ya kilohezi 4, na ukiitazama kwa kipande kidogo cha muda haina tofauti kubwa na feni, mvua au bomba lililofunguliwa. Na sh ni hivyo hivyo. Kwa f ni balaa zaidi, maana ni dhaifu kuliko zote. Sasa mtu anasoma namba ya malipo kwenye simu: sita, tisa, sita, sita. Modeli yenye mkono mzito ikimeza s, msikilizaji anapata "ita, tia, ita, ita". Irabu zimefika safi kabisa, kelele hakuna, na namba haipo. Fika na shika hapo usiulize.

Utasema modeli isubiri isikie irabu inayofuata ndipo iamue. Haina muda huo. Pendekezo la G.114 la ITU-T, chombo cha Umoja wa Mataifa cha viwango vya mawasiliano, linataka ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 ili mazungumzo yasiwe ya kupigana vikumbo, na sehemu kubwa ya hizo inaliwa na kodeki (inayobana na kufungua sauti), mtandao na bafa ya kupokelea (inayoishikilia sauti kidogo kabla ya kuitoa). Kwenye shindano la kupunguza kelele ambalo Microsoft waliliandaa mwaka 2020, mfumo wa wakati halisi uliruhusiwa milisekunde 40 tu, fremu yenyewe ikiwemo. Anayesafisha rekodi iliyokwisha kurekodiwa anasikiliza mbele na nyuma kwa raha zake. Sisi tunaotengeneza vichujio vya simu, s inapoanza, lazima tuamue papo hapo kama ni neno au ni feni. Ukivuta kiwango hadi mwisho, umetuagiza kwamba tukiwa na shaka, tukate.

Na kimya kamili si zawadi. Ukinyamaza na upande wa pili usisikie chochote, mwenzako ataanza: "Haloo? Upo?" Mifumo ya simu huongeza makusudi mvumo mdogo wa kujaza kimya, na ilifanya hivyo kabla ya haya yote. Modeli nzuri huacha kelele kidogo ibaki, chini sana, na nguvu inapanda na kushuka taratibu. Wateja wananiandikia kwamba ni kasoro.

Halafu kelele ni nini hasa? Feni ilishughulikiwa tangu zamani. Steven Boll alichapisha mwaka 1979 mbinu ya kukadiria spektra ya kelele (nguvu yake kwenye kila masafa) na kuipunguza kwenye sauti, bila mtandao wowote wa neva (modeli inayojifunza kwa mifano). Kilicholetwa na ujifunzaji wa mashine ni kumudu kelele za ghafla: kibodi, mlango, mbwa. Lakini mtu anayeongea nyuma yako si kelele. Ni maneno, na modeli imefunzwa kulinda maneno. Kumwondoa huyo kunahitaji modeli iliyopewa kwanza sampuli ya sauti yako, na hiyo nayo ikikosea inakufuta wewe. Mwalimu wa gitaa azime kila kitu, maana gitaa ndiyo kelele yenyewe. Kicheko nacho huponea chupuchupu: data nyingi ya mafunzo, ikiwemo ya shindano la 2020, ilitoka kwa watu wanaosoma vitabu kwa utulivu, na msomaji wa kitabu hacheki ovyo.

Hedifoni zinazozuia kelele: hizo zinasaidia masikio yako. Wanaokusikiliza hazihusiani nao, isipokuwa maiki ya hedifoni hizo ina kichujio chake. Tuendelee.

Kuna jambo ambalo kwenye vitabu halitiwi mkazo. Mwaka 2007 watafiti Hu na Loizou walipima algoriti (kanuni za kuondoa kelele) nane za zamani kwa kuhesabu maneno ambayo wasikilizaji waliyapata sawasawa. Karibu zote hazikuongeza kitu, ingawa kelele ilipungua. Mitandao ya neva imefanya vizuri zaidi. Kundi la watafiti Healy na Wang lilionyesha mwaka 2013 kwamba wenye usikivu hafifu walinufaika. Hata hivyo mimi binafsi nashuku kwamba kwa mtu mwenye masikio mazima, kwenye simu ya kawaida, kazi yetu kubwa ni kumpunguzia uchovu, si kumwongezea maneno. Wenzangu wengi hawakubali. Alama tunazojisifia, za ITU-T P.835 (kipimo ambacho wasikilizaji hutoa maksi), zinauliza sauti ilikuwaje, kelele ilikuwaje, na kwa ujumla ikoje. Hakuna anayeulizwa namba ilikuwa sita au tisa.

Kama sauti yako inakatika, angalia kwanza kama hujawasha kichujio mara tatu: kwenye programu ya simu, kwenye mfumo wa kompyuta, na kwenye hedifoni. Cha pili kinapokea uharibifu wa cha kwanza, kitu ambacho mara nyingi hakikufunzwa nacho. Acha kimoja, kiwango cha kati. Kisha sogeza maiki karibu na mdomo. Kutoka sentimita 60 hadi 30 unaongeza takriban desibeli 6 za sauti yako, na kelele ya chumba inabaki pale pale. Hizo desibeli 6 hazijakisiwa na mtu.