Eti "ni sitiari tu, si tusi"

Banange, nimechoka. Kila nikisema kazi yangu ni kusoma komenti za chuki kwa mastaa na kuziwekea lebo, lazima atokee mmoja aniambie "lakini mwalimu, hiyo si lugha ya picha tu, hakumaanisha kweli." Kwani mtu akimwita Saka, yule mwanasoka wa England, nyani, nani anadhani ni nyani kweli? Aliyeandika hakutaka umuamini, alitaka ucheke naye, na ukishacheka umeshakubali kwamba kuna watu wa kuwekwa fungu la wanyama.

Tashbihi au sitiari? Kuwepo kwa "kama" hakupunguzi kitu, waachieni watahini.

Fainali ya Euro, 11 Julai 2021, Rashford, Sancho na Saka wakakosa penalti, Instagram zao zikajaa emoji za nyani, watu wanaripoti mtambo unasema hamna kosa, hadi bosi wa Instagram, Adam Mosseri, akakiri kwamba baadhi ziliachwa kimakosa. Na humo hakuna neno hata moja la kukamata! Sasa wajuaji wanasema basi futeni kila nyani. Haya, mwaka 2016 Taylor Swift alipogombana na Kim Kardashian, Instagram walichuja emoji za nyoka alizomwagiwa kwenye akaunti yake, ikafaa, maana wakati ule nyoka pale alikuwa na maana moja, tusi. Ilete dawa hiyo Kampala uone. Kuna Waganda wa ukoo wa Nkima, mnyama wa heshima wa ukoo wao ni tumbili, hawamli, na shabiki akimwekea msanii wa ukoo huo emoji ya nyani huenda anamsalimia kindugu, halafu chini yake anakuja mwingine na emoji ileile anatukana ngozi ya mtu. Orodha ya maneno mabaya itakusaidia nini hapo? Mimi naangalia nani kaandika, anajibu komenti gani, na msanii mwenyewe kaipokeaje, na hata hivyo kuna siku nabaki nakuna kichwa.

Kinaya ndo balaa kabisa. "Hongera dada, sauti imetulia" chini ya video ya mtu aliyeimba ovyo. Wenzangu wawili wanaweka lebo mbili tofauti, wote wana hoja, tunaambiwa tupige kura. Kura inathibitishaje nia ya mtu? Mara nyingine nashuku lebo ya kinaya inapima tu kama msomaji anampenda yule staa. Komenti nyingine naziacha wazi bila lebo, faili linarudishwa, naziacha tena.