Bila intaneti shuleni, bado unaweza kuchagua jukwaa

Walimu wengi huamini kwamba shule isiyo na intaneti ya uhakika haina haja ya kufikiria majukwaa ya kujifunzia, yaani programu za kutolea masomo na mazoezi kwa kompyuta au simu. Si kweli, na imani hii inawanyima wanafunzi mengi.

Chukua Kolibri, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2017 na shirika la Learning Equality la Marekani. Unaisakinisha kwenye kompyuta moja, hata ile ndogo ya Raspberry Pi. Masomo unayapakua mara moja mahali penye mtandao, au unayahamisha kwa flashi. Ukiiunganisha na ruta, wanafunzi wanaifungua kwa kivinjari cha simu au tableti kupitia Wi-Fi ya darasani, bila bando hata kidogo. Mwalimu anatunga jaribio, kisha anaona nani amekwama na kwenye swali lipi. Hilo la mwisho ndilo ninalolithamini zaidi, hasa kwa darasa lenye watoto wengi.

Moodle, jukwaa jingine lililoanza mwaka 2002, nalo ni la bure, ila linahitaji seva (kompyuta kuu inayohifadhi masomo) na mtu wa kuihudumia. Google Classroom ni rahisi kuanza nayo, lakini kazi zake nyingi hutegemea mtandao.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza jukwaa lipi ni maarufu, hesabu vifaa vilivyopo, ulizia umeme, halafu kagua kama maudhui yanafuata mtaala wenu. Hapo kwenye mtaala msiharakishe: video nzuri ya hisabati iliyotungwa kwa mtaala wa Marekani inaweza kumchanganya mwanafunzi wa darasa la 5.